Tembe Moja kwa Siku: Dawa za Unyogovu Zinazotoka Polepole na Kiwango Chake Katika Damu



Katika vikundi vyetu vingi yuko mwanachama, au mtu wa nyumba ya mwanachama, anayetumia dawa za ugonjwa wa unyogovu. Tunasema ile huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na hata nguvu ya kushika jembe. Wengine huuita sonona. Vikundi vingine vimefika mahali pa kutoa pesa katika mfuko wa matatizo ili mwenzao anunue dawa. Hilo ni jambo jema sana. Lakini pesa zikitoka, maswali nayo hutoka. Kwa nini hii tembe ya mara moja kwa siku ni ghali kuliko ile ya mara tatu? Je, tukiikata katikati si itatumika siku mbili? Na mgonjwa akibadilishiwa tembe, halafu aseme hii mpya haimsaidii, tumwamini ama tuseme ni ugonjwa unaoongea?

Haya si maswali ya daktari peke yake. Yanamhusu anayemeza, anayempikia, na anayechanga. Kwa hivyo katika makala hii tungependa kueleza mambo matatu: jinsi dawa inavyoingia katika damu na kutoka, jinsi tembe zinavyotengenezwa ili zitoe dawa polepole, na jambo lililotokea Marekani kati ya mwaka 2006 na 2013 ambalo lilifundisha watu wengi kwamba tembe mbili zenye dawa ile ile na uzito ule ule zinaweza kufanya kazi tofauti mwilini.

DAWA IKIMEZWA INAENDA WAPI?

Tembe ya kawaida ikifika tumboni huyeyuka upesi. Dawa iliyomo hupita katika ukuta wa utumbo, huingia katika damu, na damu huibeba hadi kwenye ubongo, mahali inapohitajika. Wakati huo huo mwili nao unafanya kazi yake. Ini huivunja dawa, na figo huitoa kwa mkojo. Basi kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kiwango cha dawa katika damu hutegemea milango yote miwili.

Dawa ikiwa kidogo mno katika damu haisaidii. Ikiwa nyingi mno inadhuru. Katikati kuna nafasi ambapo inasaidia bila kudhuru sana, na hapo ndipo tunapotaka ikae mchana na usiku.

Sasa, kila dawa ina mwendo wake wa kutoka mwilini. Wataalamu hupima muda ambao kiwango katika damu hushuka kikawa nusu. Dawa ya fluoksetini, kwa mfano, hukaa mwilini siku kadhaa kabla haijashuka nusu. Kwa sababu hiyo tembe au kapsuli ya kawaida ya fluoksetini inatosha mara moja kwa siku, na haihitaji ufundi wa kutoka polepole. Amitriptilini nayo hukaa muda wa kutosha hata ikaweza kumezwa mara moja usiku. Dawa hizi mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndizo wengi wetu tunazozijua.

Lakini ziko dawa nyingine ambazo hutoka upesi. Venlafaksini hushuka nusu kwa muda wa saa 5 hivi. Ikiwa ni tembe ya kawaida, mgonjwa lazima ameze mara mbili au tatu kwa siku. Akisahau moja anaweza kuanza kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa dawa za namna hii wataalamu waliona afadhali watengeneze tembe au kapsuli inayotoa dawa kidogo kidogo siku nzima.

MFANO WA SHAMBA LA SUKUMA WIKI

Hebu tuchukue mfano tunaoujua. Mama ana kitalu cha sukuma wiki, na kila siku ana lita 20 za maji za kunyunyizia. Anaweza kumwaga maji yote kwa mara moja asubuhi. Udongo utafurika, mengine yatapotea, na kufikia saa tisa mchana majani yatakuwa yamelegea. Anaweza kugawa mara tatu, asubuhi, adhuhuri na jioni. Hiyo ni afadhali, lakini akienda sokoni, mgawo wa adhuhuri unasahaulika. Ama anaweza kutundika ndoo yenye mpira wa matone, akaijaza mara moja, na maji yakadondoka polepole mpaka kesho.

Tembe ya kawaida ni kama kumwaga. Tembe inayotoka polepole ni kama ndoo ya matone.

Sasa tuangalie ndoo tatu za matone, zote za lita 20.

Ndoo ya kwanza matundu yake ni sawasawa. Maji yanadondoka mwendo mmoja mpaka usiku.

Ndoo ya pili matundu yake ni makubwa. Kabla ya chai ya saa nne nusu ya maji imekwisha. Jioni hakuna kitu.

Ndoo ya tatu inadondoka vizuri, lakini chini kuna tope, na lita kadhaa hubaki pale zisifike kwenye mmea kamwe.

Mtu akikuuliza, utasema zote ni ndoo za lita 20. Ni kweli. Lakini sukuma wiki inajua tofauti. Kwa hivyo anayepima dawa inayotoka polepole haulizi tu, "Kuna miligramu ngapi ndani?" Anauliza maswali matatu:

1. Kwa jumla, ni dawa kiasi gani iliyofika katika damu?
2. Kiwango kilipanda mpaka wapi kilipofika kilele?
3. Kilele hicho kilifikiwa saa ngapi baada ya kumeza?

Ukiyakumbuka maswali haya matatu, utaelewa yote yanayofuata.

TEMBE INATENGENEZWAJE ILI ITOE DAWA POLEPOLE?

Ziko njia nyingi, lakini tutataja tatu.

Njia ya kwanza ni ya ngozi. Dawa huwekwa katikati, kisha tembe huzungushiwa ngozi nyembamba isiyoyeyuka. Maji ya tumboni huingia kupitia ngozi, na dawa hutoka kupitia ngozi hiyo hiyo kidogo kidogo. Mara nyingine ganda tupu hutoka na choo likiwa zima. Mgonjwa akiliona hudhani dawa haikufanya kazi, kumbe dawa ilishatoka zamani, na lililobaki ni kama maganda ya maharagwe.

Njia ya pili ni ya kuchanganya. Dawa huchanganywa pamoja na kitu kinachovimba kinapopata maji, kikawa kama ugali laini. Sehemu ya nje inapolika, dawa hutoka, kisha sehemu inayofuata, hivyo hivyo mpaka ndani. Ni kama sabuni inavyoisha.

Njia ya tatu ni ya punje. Kapsuli hujazwa punje ndogo ndogo, na kila punje ina ngozi yake. Kapsuli ikifunguka tumboni, punje hutawanyika katika utumbo na kila moja hutoa dawa yake taratibu. Kapsuli za venlafaksini za mara moja kwa siku nyingi ni za namna hii.

Utazitambuaje dukani? Angalia maandishi kwenye pakiti. Baada ya jina la dawa mara nyingi kuna herufi kama SR, XR, XL, ER au CR, ama neno Retard. Herufi hizo zinakuambia kwamba tembe hii ina ufundi ndani yake, na ufundi huo ukivunjwa, dawa si ile tena. Hata baadhi ya dawa za presha, za kisukari na za kifafa zina herufi hizi, kwa hivyo somo hili haliwahusu wagonjwa wa unyogovu peke yao.

DAWA MOJA, TEMBE ZA AINA TATU

Tuchukue dawa moja ya unyogovu iitwayo bupropioni. Sio dawa tunayokutana nayo sana vijijini, lakini historia yake inaeleza jambo hili vizuri kuliko nyingine.

Bupropioni ilikubaliwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la Wellbutrin. Mwaka uliofuata iliondolewa sokoni kwa sababu baadhi ya wagonjwa walianguka kifafa. Ilirudishwa mwaka 1989, safari hii ikiwa na mpaka wa kiasi ambacho mtu hawezi kupita kwa siku, yaani miligramu 450. Ilikuwa imeonekana kwamba hatari ya kifafa hupanda pamoja na kiasi. Mtu anayetumia miligramu 300 kwa siku za tembe ya kutoka polepole, hatari ni kama mtu 1 katika 1,000. Kwa miligramu 450 za tembe za kawaida ni kama watu 4 katika 1,000. Ukipita hapo ukafika 600, hatari hupanda karibu mara kumi tena.

Tembe ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ya kumeza mara tatu kwa siku. Kilele chake katika damu hufika baada ya saa 2 hivi. Mwaka 1996 ikaja ya SR, ya mara mbili kwa siku, kilele saa 3. Mwaka 2003 ikaja ya XL, ya mara moja kwa siku, kilele saa 5.

Mtu anayetumia miligramu 300 kwa siku anaweza kuzipata kwa tembe tatu za 100, tembe mbili za 150 za SR, au tembe moja ya 300 ya XL. Jumla ni ile ile. Tofauti iko katika mwendo. Na ukiitazama tembe ya XL ya 300 utaona kwamba dawa ya siku nzima imefungwa katika tembe moja. Akiisaga mtu au akiitafuna, anaifungua siku nzima kwa dakika moja. Kwa dawa ambayo ikizidi inaleta kifafa, hilo si jambo la mchezo.

YALIYOTOKEA MAREKANI

Dawa mpya hulindwa na sheria kwa miaka kadhaa, ili kampuni iliyoivumbua iuze peke yake. Muda huo ukiisha, kampuni nyingine huruhusiwa kutengeneza dawa ile ile kwa bei ya chini. Hizo huitwa dawa za jeneriki. Dawa nyingi tunazotumia hapa Kenya ni za jeneriki, na bila hizo wengi wetu tusingeweza kununua dawa kabisa.

Kampuni ya jeneriki hairudii majaribio yote ya mwanzo. Inachotakiwa kuonyesha ni kwamba tembe yake inafikisha dawa katika damu sawa na ile ya kwanza. Watu wazima wenye afya hupewa tembe zote mbili kwa nyakati tofauti, damu yao hupimwa mara nyingi kwa siku, na matokeo hulinganishwa: jumla na jumla, kilele na kilele. Ikiwa ile ya zamani ni 100, hesabu ya ile mpya, pamoja na nafasi ya makosa ya upimaji, lazima iangukie kati ya 80 na 125.

Desemba mwaka 2006, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia chakula na dawa, liitwalo kwa kifupi FDA, liliidhinisha jeneriki ya Wellbutrin XL ya miligramu 300. Jina lake lilikuwa Budeprion XL. Ilitengenezwa na kampuni ya Impax na kuuzwa na Teva.

Lakini tembe iliyopimwa katika damu za watu haikuwa ya 300. Ilikuwa ya 150. FDA iliogopa kuwapa watu wazima wenye afya miligramu 300 kwa sababu ya ile hatari ya kifafa. Ikaonekana kwamba tembe ya 150 imefaulu, na kwa kuwa ya 300 imetengenezwa kwa njia ile ile, bila shaka nayo itakuwa sawa. Ilikuwa dhana ya busara kwa kuitazama. Ni kama kusema kwamba mtungi mdogo haukuvuja, kwa hivyo mkubwa wa mfinyanzi huyo huyo nao hautavuja.

Ufundi nao ulikuwa tofauti. Wellbutrin XL ilikuwa ya njia ya ngozi. Budeprion XL ilikuwa ya njia ya kuchanganya, ile tuliyofananisha na sabuni.

Haukupita muda, wagonjwa wakaanza kulalamika. Watu waliokuwa wamepata nafuu kwa miezi na miaka walibadilishiwa tembe kwenye duka la dawa, na baada ya siku au wiki huzuni ikarudi. Wengine walisema wanaumwa kichwa, wanatapika, hawalali, wana wasiwasi. Kati ya Januari na Juni 2007 peke yake, FDA ilipokea ripoti 85 za watu waliopata shida baada ya kubadilishiwa tembe hii. Malalamiko mengi yalipelekwa pia kwa Joe Graedon na mkewe Terry, waandishi wa safu ya gazeti na kipindi cha redio kuhusu dawa, nao hawakunyamaza.

Mwaka 2007 kampuni ya kupima bidhaa iitwayo ConsumerLab iliziweka tembe zote mbili katika chombo cha maabara. Kwa saa mbili za kwanza Wellbutrin XL ilitoa asilimia 8 ya dawa yake. Budeprion XL ilitoa asilimia 34. Hiyo ni ndoo yetu ya pili, yenye matundu makubwa.

FDA ilijibu mwaka 2008. Ilisema kwamba tembe hizi zimefikia kiwango kinachotakiwa, na kwamba tofauti ya kilele kuwahi si kubwa. Ikaongeza kwamba unyogovu ni ugonjwa unaorudi wenyewe hata mtu akiwa kwenye dawa, kwa hivyo huenda malalamiko yanatokana na ugonjwa wenyewe.

Hapa tusimame kidogo. Ni kweli unyogovu hurudi. Ni kweli pia kwamba mtu akiona tembe ya rangi nyingine anaweza kuingiwa na wasiwasi. Lakini ona jinsi mgonjwa wa akili alivyo na mzigo maradufu. Mwenye presha akisema dawa mpya haifai, tunampima presha, na kipimo kinaongea kwa niaba yake. Mwenye unyogovu hana kipimo cha kumtetea. Ana maneno yake tu, na maneno yake ndiyo tunayoyatilia shaka kwanza.

Kampuni husika ziliombwa kufanya utafiti kwa wagonjwa waliolalamika. Utafiti ukaanza, lakini mwaka 2011 ukasimamishwa kwa kuwa hawakupatikana wagonjwa wa kutosha. Wakati huo FDA yenyewe ilikuwa imeamua, mwaka 2010, kufanya utafiti wake. Watu wazima 24 wenye afya walipewa tembe za 300 zenyewe, na damu yao ikapimwa.

Matokeo yalipatikana Agosti 2012 na kutangazwa Oktoba. Kilele cha Budeprion XL katika damu kilikuwa asilimia 75 tu ya kilele cha Wellbutrin XL. Na kwa baadhi ya watu kiwango hakikufika hata asilimia 40 wakati wowote. Kilele chenyewe kilikuja mapema, saa 2 hadi 3 baada ya kumeza, badala ya saa 5 hadi 6. Yaani tembe ilikuwa na mambo ya ndoo ya pili na ya tatu pamoja: ilitoa mapema, na ilifikisha kidogo. FDA ikasema wazi kwamba tembe hiyo hailingani na ile ya kwanza, na kampuni zikaiondoa sokoni.

Kisha FDA ikaziagiza kampuni nyingine nne zilizokuwa zinauza jeneriki ya 300 zipime tembe ya 300 yenyewe, sio kukisia kutoka kwa ya 150. Mwaka 2013 moja kati ya hizo nne, ya kampuni ya Watson, nayo ilionekana hailingani, ikaondolewa. Nyingine zilipita mtihani. Basi tusiseme kwamba jeneriki ni mbaya. Tuseme kwamba kila tembe inayotoka polepole lazima ipimwe yenyewe, kwa uzito wake, katika damu ya watu.

Kutoka Desemba 2006 hadi Oktoba 2012 ni karibu miaka sita. Wale waliosema mapema hawakuwa wanawaza tu.

SISI NYUMBANI TUFANYE NINI?

1. Tusiikate, tusiisage, tusiitafune tembe yenye herufi zile tulizotaja, isipokuwa aliyekupa dawa amekuambia waziwazi kwamba hiyo inaweza kukatwa. Ziko chache zilizotengenezwa kugawanywa, lakini hata hizo hazisagwi. Kikundi kikiona pesa hazitoshi, dawa ni kurudi kwa daktari au mwuguzi na kuuliza kama kuna ya bei nafuu, kwa mfano tembe ya kawaida ya kumeza mara kadhaa. Kisu si jibu.

2. Mgonjwa asiyeweza kumeza tembe kubwa aseme kliniki. Tusimkorogee kwenye uji.

3. Akisahau tembe ya mara moja kwa siku, asimeze mbili kesho ili kufidia. Tumeona hatari ya kiasi kikubwa kuingia kwa wakati mmoja. Asubiri saa yake ya kawaida, na akiwa na shaka aulize.

4. Tuhifadhi pakiti. Ukipewa dawa, andika kwenye daftari: jina la dawa, uzito wake kwa miligramu, herufi zinazofuata jina, jina la kampuni iliyoitengeneza, na tarehe uliyoanza. Dawa zikiwekwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, muulize mhudumu akuandikie hayo yote. Bila kumbukumbu hii, mtu akisema "tembe imebadilika" hatuna cha kuonyesha.

5. Chemisti wakikupa tembe ya rangi au umbo tofauti, uliza papo hapo: Je, ni dawa ile ile? Ni uzito ule ule? Ni ya kutoka polepole kama ile ya kwanza? Mtu asione aibu kuuliza. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba ni kampuni nyingine tu, na dawa itafanya kazi vizuri.

6. Baada ya kubadilishiwa, tumwangalie mgonjwa kwa wiki chache. Dawa huchukua muda kutulia katika damu. Bupropioni, kwa mfano, huchukua kama siku 8 kufika kiwango chake cha kudumu, na moyo wa mtu huchelewa zaidi ya hapo. Andikeni usingizi, chakula, kazi na maneno yake. Akirudi nyuma, mpelekeni kliniki na daftari lenu mkononi.

7. Asiache dawa ghafla kwa hasira ya kwamba haifanyi kazi. Dawa nyingi za unyogovu zikikatwa kwa ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na huzuni kurudi kwa nguvu. Daktari ndiye wa kupunguza hatua kwa hatua.

8. Pombe na dawa hizi haviendi pamoja. Kwa bupropioni, pombe nyingi, au mlevi kuiacha pombe ghafla, huongeza hatari ya kifafa.

9. Dawa zikae mbali na watoto. Amitriptilini hasa, ikimezwa nyingi kwa pamoja, inaweza kuua. Na mgonjwa akianza kusema kwamba maisha hayana maana au anataka kufa, tusimwache peke yake, na mtu mwingine amshikie dawa zake wakati tunatafuta msaada siku hiyo hiyo.

10. Turipoti. Hapa Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea ripoti za dawa. Kuna fomu ya manjano ya madhara yanayoshukiwa kuletwa na dawa, na fomu ya rangi ya waridi ya dawa inayoshukiwa kuwa na ubora mbaya. Mwambieni mhudumu wa kituo cha afya awajazie, mkiwa na pakiti. Ripoti moja yaweza kuonekana ndogo. Lakini zile 85 za Marekani nazo zilianza na moja.

NENO LA MWISHO

Kiwango cha dawa katika damu hatukioni kwa macho. Anayekihisi ni mgonjwa peke yake. Kwa hivyo mwenzetu akisema, "Tangu nibadilishiwe tembe sijisikii sawa," tusikimbilie kumwambia ajikaze, wala tusikimbilie kuilaani dawa. Tumwulize tangu lini, tuangalie pakiti, tuandike, tumsindikize kliniki. Huenda ni ugonjwa umerudi. Huenda ni wasiwasi. Na huenda ndoo ina tope chini. Hatutajua tusipomsikiliza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni dawa gani zenye herufi SR, XR, XL, ER, CR au neno Retard? Kila mtu alete pakiti zake kikao kijacho tuzisome pamoja.

2. Tumewahi kukata au kusaga tembe ili kuokoa pesa? Ni nini kilitufanya tufanye hivyo, na kikundi kingesaidia vipi?

3. Mtu mwenye unyogovu akilalamika kuhusu dawa zake, kwa kawaida tunamjibu namna gani? Mwenye presha akilalamika je?

4. Nani katika kikundi atashika daftari la dawa kwa wale wasioweza kuandika, na tutalindaje siri zao?